Kukadiria umri wa lava changa ya sakafu ya bahari kwa kumbukumbu za ugasumaku: mwongozo kamili kwa wanajiolojia wa Arusha na Moshi

Mwaka 1963 watafiti Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya usumaku wa lava iliyo chini ya matabaka ya Bonde la Olduvai, wilayani Ngorongoro. Lava hiyo ilikuwa na uelekeo wa sumaku unaofanana na wa leo, ilhali iko ndani ya kipindi kirefu ambacho kwa sehemu kubwa ncha za sumaku ya dunia zilikuwa zimepinduka, na ndiyo maana jina la Olduvai linatumika duniani kote kutaja kipande cha wakati kati ya takribani miaka milioni 1.95 na milioni 1.77 iliyopita. Mwaka huohuo Fred Vine na Drummond Matthews, kwa kutumia vipimo vya meli vilivyochukuliwa juu ya Mgongo wa Carlsberg, safu ya milima ya chini ya Bahari ya Hindi ambako sakafu mpya huzaliwa, walieleza kwamba sakafu ya bahari inahifadhi mistari ya usumaku inayoonyesha jinsi ilivyozaliwa na kutanuka. Mkoa wa Arusha na bahari yetu, kwa hiyo, vimo katika msingi wa elimu hii tangu mwanzo.

Mwongozo huu unahusu kazi ngumu zaidi kuliko hiyo, nayo ni kukadiria umri wa lava ya sakafu ya bahari iliyo changa, yenye miaka mia kadhaa hadi makumi elfu machache. Umeandikwa kwa mwanafunzi au mwalimu wa jiolojia ambaye hana meli wala maabara ya sumaku, lakini ana kompyuta, intaneti, na mawe ya volkano nje ya mlango wake. Hatua za baharini na maabarani zimeelezwa ili msomaji aweze kupima ubora wa data za wengine. Hatua za hesabu na ulinganisho anaweza kuzifanya mwenyewe akiwa Tengeru au Moshi mjini.

Kwa nini kupinduka kwa ncha hakutusaidii

Mara ya mwisho ncha za sumaku ya dunia kupinduka ilikuwa takribani miaka 773,000 iliyopita. Chukua Mgongo wa Pasifiki ya Mashariki karibu na latitudo 10 Kaskazini, ambako mabamba mawili ya gamba la dunia yanatengana kwa kasi ya takribani milimita 110 kwa mwaka, yaani milimita 55 kwa kila upande. Ukizidisha kasi hiyo kwa miaka 773,000 unapata zaidi ya kilomita 42. Eneo lote hilo, kilomita 42 mashariki mwa mhimili (mstari wa kati wa mgongo) na 42 magharibi, lina uelekeo mmoja wa kawaida, yaani unaofanana na wa leo, na lava ya juzi na lava ya miaka laki saba haziachani kwa kigezo hicho.

Mbinu nyingine za kawaida nazo zinakwama hapa. Basalti, yaani mwamba mweusi wa lava, ya migongo ya bahari ina potasiamu kidogo mno, na gesi ya agoni inayonaswa ndani ya lava iliyoganda kuwa kioo chini ya shinikizo la maji mengi huifanya mbinu ya kupima umri kwa potasiamu inayogeuka kuwa agoni kutoa umri mkubwa kuliko ule wa kweli. Kinachobaki ni tabia nyingine ya ugasumaku wa dunia (uga wa sumaku unaoizunguka) ambayo haisubiri kupinduka: nguvu yake hupanda na kushuka wakati wote. Carl Friedrich Gauss alianza kupima nguvu hiyo kwa vizio halisi mwaka 1832, na tangu miaka ya 1840 momenti ya sumaku ya dunia, yaani kipimo cha nguvu ya dunia nzima kama sumaku moja, imepungua kwa takribani asilimia 9. Takribani miaka 2,000 hadi 3,000 iliyopita ilikuwa juu zaidi ya ilivyo leo kwa kiasi kikubwa, na miaka 6,000 hadi 7,000 iliyopita ilikuwa chini. Lava ikipoa huandika nguvu ya siku ile.

Jiwe linahifadhi nini hasa

Chembe za magnetiti, madini ya chuma yenye sumaku yaliyo ndani ya lava, hupoteza usumaku wake wa kudumu zikipashwa moto kupita nyuzi 580 za Selsiasi. Zinapopoa chini ya hapo mbele ya ugasumaku dhaifu kama wa dunia, hupata usumaku ambao ukubwa wake unalingana moja kwa moja na nguvu ya ugasumaku uliokuwapo. Uwiano huo wa moja kwa moja ndio unaotuwezesha kurudia zoezi maabarani: tukipasha jiwe upya na kulipoza katika ugasumaku tunaoujua, kisha tukalinganisha usumaku mpya na ule wa asili, tunapata nguvu ya kale kwa hesabu nyepesi ya uwiano.

Masharti ni mawili. Kwanza, chembe ziwe ndogo sana, kila moja ikiwa na eneo moja tu la usumaku, yaani usumaku wake wote ukielekea upande mmoja, kwa sababu chembe kubwa hazifuati kanuni hiyo kwa uaminifu. Pili, kemia yake isibadilike, wala baharini wala ndani ya tanuri. Sharti la pili ndilo linaloangusha sampuli nyingi.

Zoezi la kwanza: simu na jiwe jeusi

Kabla ya kugusa data za bahari, nashauri zoezi moja ambalo halihitaji gharama. Simu nyingi zina kihisi cha sumaku, na programu za bure huonyesha kipimo chake kwa mikrotesla, ambayo ni kizio cha nguvu ya ugasumaku. Simama mahali pa wazi mbali na magari, nguzo za umeme na nondo. Katika eneo la Arusha na Moshi kipimo kitakuwa kati ya mikrotesla 30 na 35 kama kihisi kimesawazishwa vizuri. Kisha sogeza simu polepole karibu na bonge kubwa la basalti, au kwenye ukuta wa asili wa lava kandokando ya korongo, na uangalie namba zinavyobadilika. Jiwe lenyewe ni sumaku, na linaongeza au kupunguza ugasumaku ulio karibu nalo.

Sasa fikiria lava mpya inayomwagika juu ya lava ya zamani kilomita mbili na nusu chini ya maji. Haipoi katika ugasumaku safi wa dunia. Inapoa katika ugasumaku wa dunia uliochanganyika na ule wa miamba iliyo chini na pembeni yake, ambao unaweza kuupotosha kwa mikrotesla kadhaa. Hiki ndicho chanzo cha makosa ambacho wanaoanza hukisahau, nacho hakiondoki hata maabara ikiwa bora namna gani. Hupunguzwa tu kwa kuchukua sampuli sehemu nyingi za mtiririko uleule.

Kwa upande mwingine, lava ya baharini ina nafuu moja isiyopatikana kwenye miteremko ya Meru au Kilimanjaro. Radi ikipiga mwamba wa nchi kavu hufuta kumbukumbu yake ya asili na kuandika nyingine yenye nguvu kubwa isiyo na maana kwa kazi yetu. Chini ya bahari hakuna radi.

Kuchagua sampuli

Lava inapokutana na maji baridi ya kina kirefu hufanya mabonge ya mviringo yanayofanana na mito ya kulalia, na ngozi ya nje, yenye unene wa takribani sentimita moja, huganda ghafla kuwa kioo cheusi. Kioo hicho ndicho tunachokitaka. Ndani yake mna chembe ndogo mno za magnetiti yenye titani kidogo, zenye eneo moja la usumaku, na hubaki safi kwa muda mrefu. Katikati ya bonge ni habari nyingine: fuwele ni kubwa zaidi, zina titani nyingi, hupoteza usumaku katika nyuzi mia moja na kitu hadi mia mbili tu, na maji ya bahari huzibadilisha kidogo kidogo.

Watafiti huokota kioo kwa nyambizi kama Alvin, kwa makasha ya chuma yanayokokotwa na meli, au kwa chuma kizito chenye vikombe vya nta ambacho hugonga sakafu na kurudi na vipande vilivyonata. Nyambizi ndiyo bora kwa sababu unajua kipande kilitoka kwenye mtiririko upi. Makasha ya kukokotwa huchanganya mitiririko, na data za namna hiyo zinafaa kutazamwa kwa mashaka hata kama vipimo vyenyewe ni safi. Kwa kuwa vipande vingi havina alama ya uelekeo wake wa asili, kazi hii hutegemea nguvu ya ugasumaku peke yake.

Kazi ya maabarani

Mbinu inayotumika ilianzishwa na Émile na Odette Thellier, wanandoa wa Ufaransa, waliochapisha maelezo yake kamili mwaka 1959, na baadaye Robert Coe akaifanyia marekebisho yanayofuatwa na maabara nyingi. Kipande kidogo cha kioo husafishwa, hukaguliwa kwa hadubini ili kuondoa sehemu zenye kutu au fuwele, kisha hufungwa ndani ya mrija usio na usumaku. Usumaku wake ni dhaifu kiasi kwamba hupimwa kwa magnetometa ambayo sehemu zake zimepozwa hadi kupoteza ukinzani wote wa umeme, ndani ya chumba kilichokingwa dhidi ya ugasumaku wa dunia.

Kipande hupashwa moto mara mbili kwa kila hatua ya halijoto, tuseme nyuzi 100, 150, 200 na kuendelea hadi karibu 580. Mara ya kwanza hupozwa bila ugasumaku wowote, ili kuona ni kiasi gani cha usumaku wa asili kimepotea. Mara ya pili hupozwa ndani ya ugasumaku unaojulikana, kwa mfano mikrotesla 30, ili kuona ni kiasi gani kimepatikana. Matokeo huchorwa kwenye grafu, usumaku wa asili uliobaki ukiwa kwenye mhimili wa wima na usumaku mpya ukiwa kwenye mhimili wa ulalo. Kama jiwe ni aminifu, nukta zote hukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka unaoshuka, na mteremko wa mstari huo, bila kujali alama ya kutoa, ukizidishwa kwa ugasumaku wa maabara hutoa nguvu ya kale.

Unaposoma data za wengine, angalia mambo haya kwa makini kabla ya kuamini namba. Je, walirudia hatua za halijoto ya chini baada ya kupasha juu, ili kuthibitisha kwamba uwezo wa jiwe wa kupokea usumaku haukubadilika tanurini? Je, mstari uliotumika unabeba sehemu kubwa ya usumaku wa asili, au umekatwa kutoka kwenye nukta chache zilizochaguliwa kwa sababu zimenyooka? Je, vipande visivyopungua vitatu kutoka mtiririko mmoja vinakubaliana? Mimi hukataa mtiririko ambao vipande vyake vinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, na najua wapo walio wakali kuliko mimi. Kuna pia suala la kasi ya kupoa: kioo kilichopoa haraka kuliko tanuri linavyopoa hupata usumaku pungufu kwa ugasumaku uleule, hivyo pasipo sahihisho nguvu ya kale itakadiriwa chini ya ilivyokuwa.

Kutoka mikrotesla hadi momenti

Nguvu ya ugasumaku hutegemea latitudo, kwa hiyo kipimo cha mahali kimoja hakiwezi kulinganishwa na kingine mpaka vyote vigeuzwe kuwa momenti ya sumaku ya dunia. Hesabu inachukulia kwamba dunia ni sumaku yenye ncha mbili iliyolala kwenye mhimili wa mzunguko. Zidisha mikrotesla kwa 0.2586, kisha gawanya kwa kipeuo cha pili cha 1 + 3 sin² ya latitudo. Jibu ni momenti katika vizio vya 10²² ampia mita mraba. Namba 0.2586 inatokana na nusukipenyo cha dunia cha kilomita 6,371, na msomaji anaweza kuihakiki mwenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mteremko wa grafu ni 1.5, ugasumaku wa maabara ulikuwa mikrotesla 30, na sampuli ilitoka latitudo 10 Kaskazini. Nguvu ya kale ni mikrotesla 45. Zidisha kwa 0.2586 upate 11.64, kipeuo cha pili cha 1 + 3 sin² ya nyuzi 10 ni 1.044, jibu ni takribani 11.1. Ikiwa kosa la kipimo ni mikrotesla 3 kila upande, kosa la momenti ni takribani 0.7. Momenti ya leo iko karibu na 7.7, kwa hiyo lava hii haikutoka juzi.

Kulinganisha na mchoro wa wakati

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Unahitaji mchoro unaoonyesha momenti au nguvu ya ugasumaku ilivyobadilika kwa wakati, uliotengenezwa kutokana na vigae vya vyungu, matofali yaliyochomwa, lava zenye umri unaojulikana, na mashapo ya maziwa na bahari. Kwa miaka 10,000 iliyopita ipo modeli ya CALS10k, ambayo hukokotoa ugasumaku wa mahali popote utakapotaja. Hifadhidata ya GEOMAGIA50 imekusanya vipimo vya miaka 50,000, na hifadhidata ya MagIC inahifadhi vipimo ghafi vya miamba, vikiwemo vya kioo cha bahari. Zote ziko wazi kwa umma. Programu ya PmagPy, inayoendeshwa kwa lugha ya kompyuta ya Python, husoma data za MagIC na kuchora grafu za Thellier, na haihitaji kompyuta ya gharama.

Chora mstari wa mlalo kwenye momenti uliyopata, kisha chora mingine miwili juu na chini yake kwa kiasi cha kosa. Kila mahali mchoro wa wakati unapopita ndani ya ukanda huo ni dirisha la umri linalowezekana. Mara nyingi madirisha yatakuwa mawili au matatu, kwa kuwa ugasumaku uliopanda ulishuka, ukapita tena kwenye thamani ileile. Anayekupa umri mmoja kutokana na nguvu ya ugasumaku peke yake, bila kueleza madirisha mengine yalikwenda wapi, hajamaliza kazi.

Usahihi wa jibu hautegemei maabara pekee. Unategemea pia mchoro ulikuwa unabadilika kwa kasi gani wakati lava ilipoganda. Kama momenti ilishuka kutoka karibu 11 hadi karibu 8 katika miaka 2,000, basi kosa la 0.7 ni sawa na kama miaka 470 kila upande. Baada ya 1840 mteremko ni mkali zaidi na kosa la miaka hupungua. Lakini pale mchoro unapokuwa tambarare kwa miaka elfu kadhaa, kipimo bora kabisa kitakuambia tu kwamba lava iko ndani ya kipindi hicho. Ndiyo sababu nashauri kuutazama mchoro kwanza, kabla ya kuchagua sampuli za kufanyia kazi, ili ujue ni maswali gani yanaweza kujibiwa.

Kosa linaweza kupunguzwa kwa wastani. Sehemu tisa tofauti za mtiririko mmoja hupunguza kosa hadi theluthi, kutoka mikrotesla 3 hadi 1, kwa sharti kwamba ni sehemu zilizotawanyika kweli. Vipande tisa vya bonge moja vyote vimepotoshwa na miamba ileile ya jirani, na wastani wake utakuwa na kosa lilelile huku ukionekana umekubaliana vizuri.

Zipo thamani ambazo zenyewe ni ushahidi mkubwa. Takribani miaka 41,000 iliyopita ugasumaku ulidhoofika mno katika tukio la Laschamp, lililopewa jina la kijiji cha Ufaransa ambako lava yake iligunduliwa. Lava changa ya bahari ikitoa mikrotesla chini ya 10, na ikapita vipimo vyote vya uaminifu, tukio hilo liwe la kwanza kufikiriwa.

Kufunga madirisha yasiyowezekana

Anza na umbali kutoka kwenye mhimili. Sampuli iliyochukuliwa mita 1,000 kutoka mhimili wa mgongo unaotanuka milimita 55 kwa mwaka kila upande imekaa juu ya gamba la takribani miaka 18,000. Hiyo ni dari ya umri wa lava ya juu, wala si umri wake, kwa sababu lava hutiririka kutoka kwenye mhimili na kufunika gamba la zamani. Dari hiyo tu mara nyingi inatosha kufuta dirisha la Laschamp na yote yaliyo nyuma yake.

Kisha tazama picha za sakafu. Lava isiyo na vumbi la mashapo, yenye kioo kinachong'aa, haiwezi kuwa na miaka 20,000. Pale penye mashapo, vijumbe vya baharini vyenye magamba ya chokaa vilivyo katika tabaka la chini kabisa juu ya lava hupimwa kwa kaboni 14 na kutoa umri mdogo kabisa ambao lava inaweza kuwa nao; vilivyo chini ya lava hutoa umri mkubwa kabisa. Kwa lava changa sana hutumika isotopu (aina za atomi) za familia ya urani zinazooza kwa kasi inayojulikana: radiamu 226, yenye nusumaisha (muda wa nusu yake kuoza) ya miaka 1,600, hufaa kwa miaka elfu chache, na poloni 210, yenye nusumaisha ya siku 138, ilitumika kuthibitisha miezi ya mlipuko wa 1991 na 1992 kwenye Mgongo wa Pasifiki ya Mashariki karibu na latitudo 9°50′ Kaskazini.

Mlipuko huo, na uliotokea mahali hapo tena mwaka 2005 na 2006, ni mtihani mzuri wa mbinu nzima, pamoja na milipuko ya 1998, 2011 na 2015 ya Axial Seamount, volkano ya chini ya bahari kwenye Mgongo wa Juan de Fuca katika Pasifiki. Nguvu ya ugasumaku ya miaka hiyo inajulikana kutoka kwenye modeli ya kimataifa ya IGRF, kwa hiyo kioo chake kinapaswa kurudisha thamani hiyo, na mtawanyiko unaobaki unakuonyesha ukubwa halisi wa makosa ya miamba ya jirani. Anza mazoezi yako hapo kabla ya kugusa lava isiyojulikana.

Katika mfano wetu, momenti 11.1 iko juu mno kwa karne mbili zilizopita na kwa miaka 6,000 hadi 7,000 iliyopita. Dari ya umbali ikiwa miaka 18,000, na picha zikionyesha mashapo mepesi tu, dirisha linalobaki ni kilele cha takribani miaka 2,000 hadi 3,000 iliyopita. Mbinu hii hufaa pia kwa swali dogo zaidi, nalo ni kama mitiririko miwili iliyo jirani ilitoka katika mlipuko mmoja. Ikiwa mmoja unatoa mikrotesla 45 na mwingine 34, kila mmoja kwa kosa la 1, haikutoka pamoja, hata kama kemia yake inafanana. Ikilingana, huo si uthibitisho kwamba ni mlipuko mmoja.

Kuandika matokeo

Andika kwanza nguvu ya ugasumaku na kosa lake, kisha momenti, kisha madirisha yote, na mwisho sababu ya kufunga kila dirisha lililofungwa. Taja toleo la modeli ulilotumia na tarehe ulipolipakua, kwa kuwa michoro ya nguvu ya ugasumaku hurekebishwa kila data mpya zinapoingia, na umri uliokadiriwa kwa mchoro wa zamani utalazimika kukokotolewa upya kutoka kwenye mikrotesla zilezile. Anayetaka kuhamishia ujuzi huu kwenye lava za Meru au vilima vya volkano vya Rombo aombe kibali cha utafiti Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) pia kama eneo liko ndani ya hifadhi, kabla ya kung'oa jiwe lolote.